Jinsi ya kupiga hesabu ya sola ya nyumbani: itakula kiasi gani na hela yako itarudi lini

Watu wakitaka kufunga sola swali la kwanza huwa "mfumo mzima bei gani", wakishapewa namba wanaenda kutafuta hela. Ila bei peke yake haikuambii kitu. Mfumo wa bei ndogo unaweza ukawa hasara tupu na ule wa bei kubwa ukajilipa mapema, inategemea ni yuniti ngapi kweli kweli utaacha kuzinunua baada ya kufunga. Hapo ndo pa kushika: sola haikulipi kwa umeme inaouzalisha, inakulipa kwa umeme ambao bila hiyo sola ungeutolea hela mfukoni. Paneli zikipiga kazi saa 7 mchana, nyumbani hakuna mtu, betri imejaa na hakuna pa kuupeleka huo umeme, basi hizo yuniti hazipo, usizihesabu hata moja.

Hesabu yote hapa nitaifanya kwa yuniti, sio kwa hela. Yuniti 1 ni kilowati-saa 1, yani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa 1 nzima. Nafanya hivyo kwasababu bei zinabadilika na sarafu zinatofautiana, lakini ukishageuza kila gharama iwe yuniti unaona moja kwa moja kama kitu kinalipa au hakilipi, popote ulipo.

Hatua ya 1: Ijue bei ya yuniti zako za juu

Usichukue bei ya kwenye matangazo, wala usigawe bili nzima kwa yuniti zote, utajidanganya. Tafuta bili mbili, mwezi mmoja uliotumia sana na mwingine uliotumia kidogo, ila ziwe za kipindi ambacho bei haijabadilika katikati. Toa yuniti za mwezi mdogo kwenye za mwezi mkubwa, fanya hivyo hivyo kwenye hela, halafu gawa tofauti ya hela kwa tofauti ya yuniti. Jibu lake ndo bei ya yuniti unazozitumia mwishoni, kodi na makato yote yakiwa ndani, na hizo ndo sola itazifuta kwanza. Sehemu nyingi umeme unauzwa kwa ngazi, ukitumia zaidi yuniti inapanda bei, kwahiyo mwenye matumizi makubwa anaokoa zaidi kwa kila yuniti kuliko mwenye matumizi madogo. Pia kuna tozo za kila mwezi ambazo utalipa tu hata usipowasha taa, hizo sola haizigusi.

Kama unatumia jenereta, hesabu ni ya mafuta. Jenereta ndogo ya petroli inatoa kama yuniti 1 hadi 2 kwa lita, na ukiiwashia taa mbili na televisheni tu inashuka chini ya hapo kwasababu injini inakula mafuta hata kama mzigo ni mdogo. Chukua bei ya lita, gawa kwa yuniti inazokupa, ongeza oili na matengenezo. Wengi wakiiona hiyo namba wanaelewa kwanini mwenye jenereta hela yake ya sola inarudi haraka kuliko mwenye gridi, yani umeme wa shirika.

Ukishaipata bei yako, kuanzia sasa kila gharama utakayotajiwa igawe kwa hiyo bei. Fundi akikupa kotesheni, yani karatasi ya mchanganuo wa bei, igawe. Labda inakuja yuniti 9,000. Maana yake unanunua leo umeme wa yuniti 9,000 kwa mkupuo, na swali linabaki moja tu, huo mfumo utakurudishia hizo 9,000 kwa muda gani na baada ya hapo utaendelea kukupa ngapi.

Hatua ya 2: Pima unachotumia, na unakitumia saa ngapi

Hatua hii wengi wanairuka na ndo inayoamua kila kitu, kwahiyo hapa nakaa kidogo.

Jumla ya mwezi unayo kwenye bili. Usichokuwa nacho ni mgawanyo wa mchana na usiku. Chukua daftari, soma mita saa 1 asubuhi na usome tena saa 12 jioni, wiki nzima, jumamosi na jumapili zikiwemo kwasababu siku hizo watu wanashinda nyumbani. Andika namba kama ilivyo pamoja na desimali kama mita inaonyesha. Ukitoa ya asubuhi kwenye ya jioni unapata matumizi ya mchana, na ukitoa ya jioni kwenye ya asubuhi inayofuata unapata ya usiku. Hamna njia rahisi kuliko hiyo na hailipiwi.

Kwa ambaye hana mita itabidi uorodheshe vifaa, wati mara masaa. Angalia sana friji. Kibandiko kinaweza kusema wati 120, mtu anapiga mara 24 anapata karibu yuniti 3 kwa siku, wakati friji haiungurumi muda wote, inazima na kuwaka yenyewe, na matumizi halisi mara nyingi yanakuwa nusu ya hapo au chini zaidi. Upande wa pili kuna vitu vidogo vinavyowaka masaa 24, ruta, kingamuzi, chaja zilizoachwa ukutani, kimoja kimoja havionekani lakini vikijumlishwa vinaleta kitu. Ukipata mita ndogo ile ya kuchomeka kwenye soketi halafu kifaa unakichomeka humo, iache kwenye friji siku mbili tatu, namba yake itakuwa ya kweli kuliko kibandiko chochote.

Tuchukue nyumba ya mfano: inatumia yuniti 8 kwa siku, 4 mchana na 4 usiku. Kabla ya kununua chochote jiulize kipi cha usiku kinaweza kuhamia mchana. Pasi, mashine ya kufulia, pampu ya kupandisha maji kwenye tenki, vyote hivyo havina haja ya kusubiri giza. Tuseme umehamisha yuniti 1, sasa mchana ni 5 na usiku ni 3. Yuniti hiyo moja haijakugharimu kitu na bado imekuongezea faida ya mfumo ambao hata hujaununua.

Hatua ya 3: Jua la hapo ulipo

Paneli ya wati 500 inatoa wati 500 kwenye vipimo vya kiwandani, yani mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba na seli, vile vipande vya paneli vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na joto la nyuzi 25. Juani seli zinapanda nyuzi 50 au 60 na kila nyuzi 1 juu ya 25 inakula kama asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake. Ongeza hasara za vumbi, waya na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani. Kwahiyo kanuni ya kawaida ni hii: kilowati za paneli, mara masaa ya jua kamili kwa siku, mara 0.75.

Masaa ya jua kamili sio masaa ya mchana. Mchana una masaa kama 12, lakini mwanga wote wa siku ukiubana uwe sawa na jua la utosini unapata labda masaa 4, 5, au 6 kwa sehemu zenye jua zuri, na pungufu ya hapo kwenye mawingu mengi au mbali na ikweta wakati wa baridi. Usikisie. Ingia tovuti ya Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia au PVGIS ya Tume ya Ulaya, zote bure, weka alama pale nyumba ilipo, itakupa yuniti ngapi kilowati 1 ya paneli inazalisha kwa mwaka. Gawa kwa 365 unapata ya siku. Angalizo: hiyo namba imeshakatwa hasara za joto na za mfumo, kwahiyo usiipige tena mara 0.75 utakuwa umekata mara mbili.

Halafu angalia namba ya kila mwezi, sio wastani wa mwaka tu. Kama una gridi wastani unatosha maana mwezi mbaya utanunua umeme na maisha yataendelea. Kama sola ndo umeme wako pekee, mfumo unaupima kwa mwezi mbaya kuliko yote.

Kivuli kichunguze mwenyewe, panda au simama mahali unapoona paa saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri. Mti, tenki la maji, ukuta wa jirani. Paneli zikiwa zimeungwa mfululizo, kivuli kwenye moja kinaweza kuzivuta chini na wenzake, na hakuna programu ya mtandaoni inayoliona tenki lako la juu ya paa.

Nyumba yetu ya mfano ina masaa 5. Paneli 4 za wati 500 ni kilowati 2, mara 5, mara 0.75, yuniti 7.5 kwa siku.

Hatua ya 4: Zikate zile ambazo hutazitumia

Yuniti 7.5 zinazalishwa, mchana unatumia 5. Zote 5 zitatoka kwenye sola? Hapana. Ukiwasha birika la wati 2,000 wakati paneli zinatoa 1,200, zinazobaki zinatoka gridi. Wingu likipita, gridi. Asubuhi na jioni, gridi. Kwahiyo tukadirie sola itashika 4.5 kati ya 5, na yuniti 3 zinabaki bila mtu.

Hizo 3 zina njia tatu. Kama shirika la umeme linazipokea na kukurudishia yuniti kwa yuniti, zihesabu zote. Kama linazinunua kwa bei ya chini, tuseme theluthi ya bei unayonunulia, basi 3 zinageuka kuwa 1. Kama halipokei kabisa ni sifuri, labda uweke betri. Masharti hayo yaulize kwa maandishi kabla ya kununua, pamoja na gharama ya mita mpya na kibali, manake ni tofauti kila nchi na yanabadilishwa.

Bila betri na bila kuuza, nyumba yetu inaokoa 4.5 mara 365, kama yuniti 1,640 kwa mwaka. Ona kwamba ukiongeza paneli zikawa 8, uzalishaji unakuwa mara mbili lakini hiyo 1,640 inasogea kidogo tu, kwasababu mchana huna matumizi zaidi ya 5. Muuzaji atakuonyesha uzalishaji, we muulize matumizi.

Hatua ya 5: Isome kotesheni

Bei ya paneli imeshuka sana, kati ya 2010 na 2020 ilianguka kwa takriban asilimia 90, kwahiyo siku hizi hela kubwa mara nyingi haipo kwenye paneli, ipo kwenye betri, inveta, fremu za paa, waya na ufundi. Kotesheni yenye mstari mmoja "mfumo kamili wa kilowati 2" irudishe. Unataka kila kitu kwenye mstari wake: paneli ngapi za wati ngapi, inveta ya kilowati ngapi, betri ya yuniti ngapi, waya wa unene gani na mita ngapi, breka za upande wa paneli na wa nyumba, kinga ya radi, ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), fremu, usafiri, ufundi, waranti ya kila kifaa na nani ataisimamia. Kinga na ethi ndo vinavyokatwa kwanza bei ikitakiwa ishuke wakati vilitakiwa viwe vya mwisho kukatwa, nyumba ina watu wanalala ndani.

Inveta iulizie mambo mawili. La kwanza, inakula kiasi gani ikiwa imewaka bila mzigo? Inveta za betri zingine zinakula wati 50 muda wote, 50 mara 24 ni yuniti 1.2 kwa siku, na kwenye mfumo wetu wa 7.5 hiyo ni karibu moja ya sita imepotea kabla hujawasha taa. La pili, inahimili mshtuko wa kuwasha mota? Pampu na friji wakati wa kuanza zinavuta mara kadhaa ya wati zake.

Na lingine watu hawaambiwi: mfumo wa kawaida wa kuunganishwa na gridi bila betri, gridi ikikatika na wenyewe unazima, hata jua likiwa utosini. Imewekwa makusudi ili umeme wako usimpige shoti fundi anayetengeneza laini huko nje. Kama shida yako kubwa ni kukatika kwa umeme, mfumo huo hautakusaidia.

Hatua ya 6: Betri ina hesabu yake

Betri usiichanganye kwenye hesabu ya paneli, ipigie ya kwake. Chukua uwezo wake kwa yuniti, mara kiasi unachoruhusiwa kushusha, mara idadi ya mizunguko ya kuchaji na kushusha. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya yuniti 5, inashuka asilimia 90, mizunguko 4,000, inapitisha yuniti 18,000 maishani mwake. Bei yake ukiigeuza ikawa yuniti 8,000, kila yuniti inayopita inakugharimu 0.44 ya bei ya yuniti unayonunua. Inalipa. Sasa betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, hiyo ni yuniti 2.4, unashusha nusu, 1.2, mizunguko tuseme 600, jumla yuniti 720. Kama bei yake ni sawa na yuniti 1,000 basi haitakaa ijilipe hata ufanyeje, utanunua uwezo wa kuwa na mwanga umeme ukikatika, sio kuokoa hela. Kipimo ni hicho hicho kwa betri yoyote: ikigharimu yuniti nyingi kuliko itakazopitisha, kwenye faida iondoe.

Lakini hata ile ya lithiamu tumeipendelea. Nyumba yetu ina yuniti 3 tu za kuchaji kwa siku, na zikitoka ni kama 2.7 maana zingine zinapotea njiani. Kwa mwaka ni 985, na mizunguko haiwezi kusubiri milele kwasababu betri inazeeka hata ikikaa, kwahiyo miaka 11 inapitisha kama 10,800 na sio 18,000. Gharama inapanda kutoka 0.44 hadi 0.74 kwa yuniti. Bado inalipa ila kwa mbinde, na betri ya yuniti 3.5 ingefaa zaidi kuliko ya 5. Anayekwambia uchukue ya 10 kwa nyumba kama hii anakuuzia nafasi ambayo haitajazwa.

Kuhusu kukatika kwa umeme, kuna faida ambayo haipo kwenye bili. Usiikisie kwa hisia, tafuta unachotumia sasa hivi: mafuta ya jenereta, vyakula vinavyoharibika, kazi inayosimama. Geuza iwe yuniti kwa mwaka, ijumlishe. Kama huipati namba, basi sema wazi unalipia utulivu na ni halali kabisa kuulipia, ila uujue bei yake.

Hatua ya 7: Hela inarudi lini

Sasa ni kugawa tu. Bila betri: gharama 9,000 ya ile kotesheni ya hatua ya 1, inaokoa 1,640, tunatoa asilimia 1 ya gharama kila mwaka kwa usafi na matengenezo madogo, yani 90, inabaki 1,550. Inarudi baada ya miaka 5.8 hivi. Ukiongeza betri gharama inakuwa 17,000 na akiba 2,625, ukigawa unapata miaka 6 na nusu, haionekani mbaya, lakini betri peke yake ni 8,000 kwa 985, miaka 8, wakati waranti zake nyingi zinaishia miaka 10. Ndo maana nasema ihesabu peke yake, ukichanganya paneli zinaifichia uzito.

Mwaka wa kurudisha hela sio mwisho. Paneli zinapoteza kama asilimia 0.5 ya nguvu kwa mwaka na wengi wanazipa waranti ya nguvu ya miaka 25, kwa miaka hiyo paneli zetu zitaokoa kama yuniti 38,600. Toa 9,000 za mwanzo, toa matengenezo 2,250, toa inveta mpya moja maana nyingi zinadumu miaka 10 hadi 15, tuseme 3,000. Zinabaki zaidi ya 24,000. Usifananishe akiba ya mwaka wa kwanza, asilimia 18, na riba ya benki, kwasababu benki inakurudishia mtaji wako na paneli mwishoni zimechakaa. Ukikata mtaji, matengenezo na inveta kwa mwaka, ukawianisha na uchakavu, unabaki na kama asilimia 11. Na hiyo ni juu ya kupanda kwa bei ya umeme, kwasababu tumehesabu yuniti, bei ikipanda akiba yako inapanda nayo.

Kwa mkopo geuza marejesho ya mwezi yawe yuniti. Mfumo wetu unaokoa karibu 137 kwa mwezi. Marejesho yakiwa 120, mfumo unajilipa wenyewe kuanzia mwezi wa kwanza. Yakiwa 200, kila mwezi unaongeza 63 kutoka mfukoni mpaka mkopo uishe, inawezekana bado ni uamuzi mzuri ila lazima hiyo 63 uwe nayo. Na riba ikiwa juu ya faida ya mfumo wenyewe, heri uanze na kidogo kwa hela taslimu, paneli mbili na inveta inayoruhusu kuongezewa.

Kabla hujalipa, rudia hesabu yote kwa ubaya: punguza uzalishaji asilimia 20, ongeza gharama asilimia 15. Mfumo wa mfano bila betri unakuwa 10,350 kwa kama 1,210 baada ya matengenezo, miaka 8 na nusu. Kama bado unaweza kuishi na hiyo, funga. Kama inakutisha, punguza ukubwa kwanza kabla ya kutafuta vifaa vya bei rahisi.

Baada ya kufunga, soma inveta kila mwisho wa mwezi na mita ya nyumba pia, andika kwenye daftari lile lile la mwanzo, namba ya uzalishaji kulia, namba ya ulizonunua kushoto. Uzalishaji ukiwa chini ya makadirio ya mwezi huo kwa zaidi ya asilimia 15 miezi miwili mfululizo, osha paneli asubuhi zikiwa baridi, angalia kama kuna tawi limekua likafika juani, kisha mwite fundi apime kila mfululizo wa paneli wakati waranti ya ufundi bado ipo.